Megapikseli Ngapi Zinatosha? Majibu kwa Wasomaji wa Ukurasa wa Picha

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, kamera yenye megapikseli nyingi ndiyo kamera bora? Nimechagua sita ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wasomaji wengine pia, hasa wale wanaokaribia kutoa fedha walizozitafuta kwa jasho. Majina ya waandishi nimeyaacha, nimebakiza miji yao tu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana, nimeanza kazi ya kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali, na kwa karibu mwaka mzima nimedunduliza fedha ili ninunue kamera iliyotumika ya megapikseli 24. Nilipofika Kariakoo, muuzaji mmoja alinionyesha simu ya megapikseli 108, bei yake ikikaribiana na ile ya kamera, akaniambia kwamba nikiiacha simu hiyo nitakuwa nimetupa fedha, kwa sababu inaizidi kamera zaidi ya mara nne. Nilirudi nyumbani bila kununua chochote. Hesabu yake ni ya kweli? (Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na ulifanya vyema kurudi nyumbani kwanza. Muuzaji hakukosea kugawanya 108 kwa 24, ila alichokihesabu sicho unachokwenda kukinunua. Pikseli ni kijipande kimoja cha rangi, na vijipande hivyo vikipangwa safu kwa safu ndivyo vinavyofanya picha. Vikifika milioni moja tunaviita megapikseli moja. Picha yenye vijipande 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo ina megapikseli 24. Idadi hiyo inatuambia picha imegawanywa vipande vingapi. Haituambii kila kipande kilipata mwanga kiasi gani, wala lenzi iliufikisha mwanga huo mahali pake kwa usahihi gani, na mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama bibi harusi atafurahi au atanuna akifungua albamu yake.

Ndani ya kamera uliyoiendea, nyuma ya lenzi, kuna kibamba kinachopokea mwanga, ambacho sisi tulio katika kazi hii tunakiita kihisi. Kwenye kamera nyingi za aina hiyo kina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6, yaani ni kama stempu ya barua. Kihisi cha simu ya megapikseli 108, hata kwenye simu za bei ya juu, hakizidi sana ukucha wa kidole cha mwisho: kama milimita 9.6 kwa 7.2. Ukipiga hesabu ya eneo, kile cha kamera kinakizidi cha simu zaidi ya mara tano. Sasa juu ya kile kilicho kidogo wamebana vijipande milioni 108, na juu ya kile kikubwa wameweka milioni 24 tu. Kijipande cha simu kina upana wa mikroni 0.8, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Cha kamera kina karibu mikroni 3.9. Kwa eneo, kimoja cha kamera ni sawa na takriban 24 vya simu.

Ukubwa huo una maana kwa sababu mwanga huja kwa chembechembe, na chembe hizo haziji kwa mpango. Kijipande kilichopokea chembe 10,000 kitapishana na jirani yake kwa chembe 100 hivi, yaani asilimia 1, na jicho halitagundua kitu. Kilichopokea chembe 100 tu kitapishana na jirani yake kwa chembe 10, yaani asilimia 10, na hapo ndipo unapoona uso wa mtu umejaa vidoa vya rangi ambavyo tumezoea kuviita chenga. Mchana wa jua kali chembe ni nyingi mno, kwa hiyo simu na kamera hazitofautiani sana. Usiku ukumbini, taa za mapambo zikiwa za zambarau na mshereheshaji akiwa amepunguza mwanga ili keki iingie kwa shangwe, kila chembe ina thamani.

Waliotengeneza simu hiyo wanalijua jambo hili kuliko muuzaji. Ndiyo maana simu ya namna hiyo, usipoiamuru vinginevyo, huviunganisha vijipande tisa viwe kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12. Kwa hiyo katika kazi ya kila siku ungekuwa unalinganisha 12 na 24, siyo 108 na 24. Aidha, simu hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuzichanganya ili kupunguza chenga, na kwa jengo au sahani ya pilau mbinu hiyo inafanya kazi vizuri sana. Kwa mtu anayecheza, mkono ulioinuliwa utatoka kama una vidole vya ziada au utapotea kwenye ukungu.

Lipo pia jambo la tabia ya mwanga wenyewe ambalo halina dawa. Mwanga ukipita kwenye tundu la lenzi, nukta moja ya nje haiangukii kwenye kihisi kama nukta, huangukia kama kiduara. Kwa lenzi ya simu yenye tundu la f/1.8 (namba hii ya f ikiwa ndogo tundu ni pana, ikiwa kubwa tundu ni dogo), kiduara hicho kwa mwanga wa kijani kina upana wa mikroni 2.4 hivi, yaani kinafunika vijipande vitatu kwa upana hata kama lenzi ingekuwa haina dosari yoyote. Vijipande vikizidi kuwa vidogo kuliko hapo, kazi kubwa vinayofanya ni kuhesabu upya kiduara kilekile.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Kamera nyingi zilizotumika huuzwa na lenzi ya kuanzia, ambayo ukiivuta karibu tundu lake hupungua hadi f/5.6. Tundu hilo hupitisha karibu sehemu moja ya kumi tu ya mwanga unaopita kwenye f/1.8, kwa hiyo ukitumia lenzi hiyo ukumbini usiku faida yote ya kihisi kikubwa itamezwa, na simu inaweza kukushinda. Ningekuwa mimi ningenunua kamera, kisha ningejibana tena kwa miezi michache nipate lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kwa kila kampuni kubwa. Hapo matundu yatakuwa sawa, na kihisi chako chenye eneo mara tano kitakusanya mwanga mara tano.

Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyepitia. Mwaka 2007 niliacha kamera yangu ya megapikseli 6 nyumbani nikaenda kwenye harusi ya usiku na kamera mpya ndogo ya mfukoni yenye megapikseli 10, nikiamini nimepanda daraja. Kwenye kioo chake kidogo picha zote zilionekana safi. Nilipozifungua kwenye kompyuta kesho yake, suti nyeusi ya bwana harusi ilikuwa na madoa mekundu na ya bluu kama imemwagiwa mchanga, na nyuzi za dhahabu kwenye kilemba cha mama yake zilikuwa zimeyeyuka zikawa rangi moja ya njano. Familia ile ilipokea picha hizo kwa sababu hapakuwa na nyingine. Hadi leo nikikutana nao sioni raha.

Ukirudi Kariakoo, nenda na kadi yako ya kumbukumbu. Omba upige picha kwa kamera na kwa simu ndani ya duka, kwenye kona yenye giza kuliko zote, umwelekezee mtu anayesogea, kisha uzitazame picha zote mbili kwenye kompyuta kabla ya kutoa fedha. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

SWALI: Mwanangu Mhariri, mume wangu alifariki miaka iliyopita. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyopigwa mwaka 2004 akiwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa, kwa kamera ya megapikseli 3 ya kijana wetu. Nilitaka isafishwe kubwa niitundike sebuleni, lakini studio wamenijibu kwamba haiwezekani, megapikseli ni chache. Je, ndiyo basi? (Mombasa)

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Siyo basi. Picha ya kamera ya wakati ule kwa kawaida ina vijipande 2,048 kwa upana na 1,536 kwa kimo. Studio wanatumia kipimo cha vijipande 300 kwa kila inchi, na kwa kipimo hicho kweli picha yako inaishia karibu inchi 7 kwa 5. Kipimo hicho ni kizuri, lakini ni kwa picha inayoshikwa mkononi na kutazamwa kwa umbali wa kusoma kitabu. Picha ya ukutani hatuitazami hivyo.

Jicho zima la binadamu linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana hadi kiasi fulani tu, na kiasi hicho hutegemea umbali. Ukiwa umesimama mita 2 kutoka ukutani, chochote kilicho chini ya milimita 0.58 hivi jicho hulichukulia kuwa kitu kimoja. Picha ya mzee ikisafishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A2, yaani sentimita 59 kwa 42, kila kijipande kitakuwa na upana wa milimita 0.29. Hiyo ni nusu ya kile ambacho jicho lako linaweza kukitambua ukiwa umekaa kwenye kochi. Kingo za juu na chini zitakatwa kidogo kwa sababu umbo la karatasi na la picha havilingani, kwa hiyo mwambie fundi aangalie kikombe kisikatwe. Hata mabango makubwa ya barabarani yanafuata kanuni hii: bango la mita 6 kwa 3 linalotazamwa kwa umbali wa mita 10 halihitaji zaidi ya megapikseli 2 ili macho yalione kuwa kamili.

Mama, kilicho muhimu kuliko megapikseli ni kuipata picha ya asili. Mwulize kijana wako kama bado ana ile sidii au kompyuta aliyohamishia picha za kamera hiyo. Usimpe fundi nakala iliyozunguka kwenye simu za ndugu, kwa sababu kila ilipotumwa ilibanwa na kupunguzwa. Ukipata ya asili, ipeleke kwenye flashi.

Na nakuomba kitu kimoja. Siku hizi ziko programu zinazodai kukuza picha ya zamani na kuiongezea vijipande kwa akili unde. Baadhi hufanya kazi ya kupendeza kwa majani na kuta. Kwa uso wa mtu, programu hairudishi kilichokuwepo, inabuni kinachofanana na nyuso nyingine nyingi ilizofundishwa: itamwekea kope ambazo si zake na kunyoosha mkunjo uliokuwa pembeni mwa mdomo wake. Wewe uliyeishi naye utaitambua tofauti hiyo mara moja. Afadhali picha laini kidogo ambayo ni yeye.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wamebishana kama picha ya megapikseli 48 ni kali mara nne kuliko ya 12. Pia wanataka kujua watu wa zamani waliwezaje kufanya kazi na kamera za megapikseli 2. (Dodoma)

JIBU: Mwalimu, wachoree mraba ubaoni. Megapikseli ni hesabu ya eneo, na ukali wa picha tunauona kwa urefu na upana. Picha ya megapikseli 12 ina vijipande 4,000 kwa 3,000. Ya 48 ina 8,000 kwa 6,000. Eneo limekuwa mara nne, lakini kwenye mstari mmoja vijipande vimekuwa mara mbili tu. Kwa hiyo jibu la ubishi ni kwamba maelezo madogo yanaweza kuongezeka mara mbili, na hilo ni pale lenzi, mkono na mwanga vitakaporuhusu. Kutoka 12 hadi 16 ongezeko kwenye mstari ni asilimia 15 tu, ambalo hakuna mwanafunzi atakayeliona bila kuambiwa.

Kuhusu historia, waelezeni vijana kwamba kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka ilitengenezwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na vijipande 100 kwa 100, yaani 10,000 kwa jumla, ambayo ni asilimia 1 ya megapikseli moja. Ilipiga picha nyeusi na nyeupe, ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti. Mwaka uliofuata Bryce Bayer, wa kampuni hiyohiyo, alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi unaotumika hadi leo katika kamera karibu zote: nusu ya vijipande hupokea kijani, robo nyekundu, na robo bluu, kisha kompyuta ya kamera hukisia rangi mbili zinazokosekana kwa kila kijipande kwa kuangalia majirani zake. Jambo hili huwashangaza wengi: hata hizo megapikseli unazozilipia, theluthi mbili za rangi zake ni makadirio.

Nikon D1 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7, na picha zake zilichapwa magazetini bila msomaji kulalamika, kwa kuwa karatasi ya gazeti haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo. Gari la utafiti la Curiosity, lililotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2012, lilibeba mlingotini kamera kuu za megapikseli 2, na picha zake kubwa za milima na mabonde ya huko zimetengenezwa kwa kuunga vipande vingi vilivyopigwa kimoja kimoja. Mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wako ni simu za iPhone: tangu 6s ya mwaka 2015 hadi 13 ya mwaka 2021 kamera kuu ilibaki megapikseli 12. Chukua picha ya usiku ya simu ya mwanzo na ya mwisho, uziweke pamoja, uwaulize wanafunzi ni nini kilichobadilika ikiwa namba ni ileile. Kihisi kilikuwa kikubwa zaidi, tundu la lenzi likapanuka, na programu ya kuchakata picha ikaboreshwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimenunua simu iliyoandikwa megapikseli 200. Nilipopiga picha za ngome ya Nizwa na kuzihamishia kwenye kompyuta, zikaonekana zina megapikseli 12 na nusu. Nimedhulumiwa? (Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Hujadhulumiwa, ndugu yangu. Simu yako inaunganisha vijipande 16 kuwa kimoja kama nilivyomweleza kijana wa Tanga, na 200 gawanya kwa 16 ndiyo 12.5. Ndani ya programu ya kamera kuna sehemu ya kubadilisha ukubwa wa picha, na huko utaikuta 200. Itumie asubuhi au alasiri penye mwanga mwingi, simu ikiwa imeegemezwa kwenye ukuta au juu ya jiwe, kwa kitu kisichosogea. Ngome inafaa kabisa. Kisha ikuze picha hiyo uangalie mawe ya mnara: utaona maelezo zaidi kuliko kwenye ile ya 12.5, ingawa hayatakuwa mara nne kama hesabu ya mistari inavyodai, kwa sababu ya kile kiduara cha mwanga nilichokieleza hapo juu. Jioni irudishe kwenye hali ya kawaida.

Faida ya kweli ya megapikseli nyingi iko hapo, kwenye kukata. Ukiwa na picha ya megapikseli 24 ukabakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, unabaki na 6, ambazo bado zinatosha kitabu. Anayepiga ndege wa porini, anayenakili hati za kale, anayechora ramani kwa picha za angani, hao wana haki ya kuzitafuta megapikseli na nisingewazuia. Lakini jihadhari na simu za bei ya chini zinazotangaza namba kubwa zilizopatikana kwa kujaza: kihisi chenyewe kina vijipande vichache, halafu programu inavidurufu hadi kufikia namba ya kwenye boksi. Na zile lenzi za ziada za megapikseli 2 zilizopangwa mgongoni mwa simu hizo, kwa maoni yangu, zimewekwa zaidi kwa ajili ya kuhesabiwa dukani.

SWALI: Picha nikizipiga zinapendeza, nikizituma kwa WhatsApp kwa ndugu zangu wanasema zina ukungu. Ninunue simu yenye megapikseli nyingi zaidi? (Eldoret)

JIBU: Hapana, dada. WhatsApp huipunguza picha kabla ya kuituma ili isile bando, na itaipunguza hata ikitoka kwenye simu ya bei gani. Chagua HD unapotuma, ndipo itakapopunguzwa kidogo zaidi; ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati badala ya picha. Kabla ya hayo yote, futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Simu inayokaa mfukoni na kushikwa na mikono yenye mafuta huwa na utando ambao mchana hauonekani, lakini taa yoyote ikiwaka utaona miale imetawanyika pembeni yake na weusi wote umegeuka kijivu. Nimewahi kurudishiwa simu tatu kwa siku moja kwamba kamera imekufa, na zote tatu zilipona kwa kufutwa.

SWALI: Katika harusi za kwetu, bwana harusi akivaa kanzu nyeupe uso wake hutoka mweusi hauonekani hata macho, na kanzu inatoka vizuri. Wazee wanalalamika. Nimeshauriwa nihamie kwenye kamera ya megapikseli 45. Itasaidia? (Zanzibar)

JIBU: Haitasaidia kwa hilo, na nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hutafuta wastani wa mwanga wa picha nzima na kuusogeza kwenye ukati. Mbele ya kanzu nyeupe, ukuta mweupe na bahari inayometa, inaamini mwanga umezidi, hivyo inapunguza, na anayeumia ni uso wa mtu mweusi. Megapikseli 45 zitauchora uso huo uliozama gizani kwa vijipande vingi zaidi, basi.

Kosa hili lina mizizi mirefu, na lazima lisemwe wazi. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi zetu zikabaki kuwa tatizo la mpiga picha. Ni mwaka 2021 tu ambapo Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo iliouita Real Tone, uliolenga kuonyesha ngozi nyeusi kwa haki. Hatua hiyo imechelewa sana, na haina uhusiano wowote na idadi ya megapikseli.

Unachoweza kufanya leo kwa kamera uliyonayo ni hiki. Kwenye simu, gusa uso wa bwana harusi kwenye kioo, kisha telezesha kidole kupandisha mwanga hadi uyaone macho yake. Kwenye kamera, pima mwanga usoni na siyo kwenye kanzu, na upige kwa mfumo wa RAW ambao huhifadhi kila kilichopokelewa na kihisi, ili uweze kunyanyua uso baadaye bila kuharibu weupe wa nguo. RAW ya megapikseli 24 isiyobanwa hufika megabaiti 42 hivi, kwa hiyo nenda na kadi mbili. Kisha mtoe bwana harusi juani. Mkalishe kwenye kivuli cha baraza, uso wake ukielekea ukuta wa pili wa kichochoro uliopakwa chokaa na kupigwa na jua la saa kumi. Mwanga unaorudi kutoka kwenye ukuta ule ni laini, unaingia hadi chini ya kofia, na hata mishono ya kofia yenyewe utaihesabu.